Upepo wa Ngong una kazi gani katika stima ya taifa?

Ndugu msomaji, ukitoka Nairobi kwenda mji wa Ngong, tazama juu ya vilima. Utaona minara mirefu myeupe, imepangwa mgongoni mwa vilima kama wachungaji wanaolinda mifugo. Kila mnara una mabawa matatu. Upepo unayazungusha mchana na usiku. Chini yake ng'ombe na kondoo wanakula majani kama kawaida.

Hivyo ni vinu vya upepo. Havisagi mahindi. Vinatoa stima.

Watu wengi wanaovitazama wana maswali. Vinu hivi vichache vinaweza kufanya nini kwa nchi nzima? Upepo ukitulia, stima inatoka wapi? Na kwa nini mtu anaweza kukaa chini ya kinu na nyumbani kwake hakuna stima? Au anayo, lakini inazimika siku ile ile upepo unapovuma kwa nguvu?

Maswali haya ni ya haki. Mwananchi ndiye anayelipa stima. Ni ardhi yake inayobeba nguzo na minara. Kwa hiyo inafaa ajue kazi inavyofanyika. Katika makala hii tutayajibu maswali hayo moja moja.

KINU KINAFANYAJE KAZI?

Upepo ni hewa inayotembea. Upepo ukigonga mabawa, mabawa huzunguka. Mabawa huzungusha mtaimbo ulio ndani ya kichwa cha mnara. Mwendo wa mtaimbo huo ni wa polepole, kwa hiyo hupitia kwenye giaboksi ili uongezeke. Kisha mwendo huo wa kasi huzungusha jenereta, na jenereta hutoa stima. Stima hushuka kwa waya ndani ya mnara hadi kwenye transfoma, ambayo huipa nguvu ya kusafiri mbali.

Vinu vya Ngong ni vya kipimo kimoja. Ukipima kutoka ncha ya bawa hadi upande wa pili wa duara linalochorwa na mabawa, utapata mita 52. Kila kinu, upepo ukiwa mzuri, hutoa kilowati 850. Hiyo inatosha kuwasha balbu ndogo za wati 10 zipatazo 85,000 kwa mara moja.

Lakini shika neno hili: upepo ukiwa mzuri. Upepo ukiwa chini ya mita 4 kwa sekunde, kinu hakitoi stima. Huo ni upepo mdogo, wa kutikisa majani tu. Upepo ukifika mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, kinu hujisimamisha chenyewe kisije kikavunjika.

Tena, nguvu ya upepo haipandi kidogo kidogo. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Hii ndiyo sababu wataalamu hutafuta vilima kama Ngong. Upepo ukikutana na kilima hubanwa na kukimbia zaidi, kama mto unavyokimbia mahali penye kingo nyembamba. Tofauti ndogo ya upepo huleta tofauti kubwa ya stima.

TULIANZA NA VINU VIWILI

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1993 vinu viwili vidogo vilisimamishwa Ngong kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Vyote viwili pamoja vilikuwa na nguvu ya kilowati 350 tu. Kwa nchi nzima hiyo ilikuwa kama tone katika ndoo. Lakini mafundi wetu walipata mahali pa kujifunza. Walijifunza jinsi upepo unavyobadilika, jinsi ya kupanda mnara na kutengeneza mtambo, na jinsi ya kuunganisha stima ya upepo na stima nyingine.

Vinu hivyo viwili vilizeeka na kuondolewa. Mwaka 2009 kampuni ya KenGen ilisimamisha vinu 6 vipya. Miaka ya 2014 na 2015 viliongezwa vingine 24. Jumla ni vinu 30. Ukizidisha 30 kwa kilowati 850 unapata kilowati 25,500. Wataalamu husema megawati 25.5, kwa kuwa megawati moja ni kilowati 1,000.

GRIDI YA TAIFA NI NINI?

Stima ya Ngong haikai Ngong. Inaingia katika gridi ya taifa. Gridi ni mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo yote ya stima na watumiaji wote, kutoka pwani hadi magharibi.

Fikiri juu ya shamba linalolimwa kwa plau. Maksai wanane wamefungwa nira. Wote wanavuta plau moja, na lazima waende mwendo mmoja. Wakifika mahali udongo ni mgumu, mzigo huwa mzito na mwendo unataka kupungua. Hapo kila maksai anaongeza nguvu. Wakifika mahali udongo ni laini, mwendo unataka kuzidi, na mwenye plau huwatuliza.

Gridi iko hivyo. Maksai ni mitambo ya stima. Mzigo ni sisi tunaotumia: taa, redio, viwanda, pampu za maji, mashine za kusaga posho. Mwendo ni mmoja kwa nchi nzima: mapigo 50 katika kila sekunde. Geuza redio yako au pasi ya stima utazame maandishi ya nyuma. Utaona namba 50 pamoja na herufi Hz. Huo ndio mwendo wa maksai wetu.

Kuna jambo moja kubwa la kukumbuka. Stima si mahindi. Mahindi ukivuna leo unaweka ghalani, unakula mwezi ujao. Lakini stima ya gridi hutumika saa ile ile inapotengenezwa. Watu wakiwasha taa jioni, mitambo lazima iongeze nguvu mara moja. Watu wakizima taa na kulala, mitambo lazima ipunguze. Mjini Nairobi kuna kituo ambako wafanyakazi hukesha usiku kucha wakiangalia mwendo huo. Wao ndio wenye kushika plau.

Nani wanavuta plau yetu? Wa kwanza ni mvuke wa ardhini kutoka Olkaria, karibu na Naivasha. Mvuke huo ulianza kutoa stima mwaka 1981, na leo ndio unaotoa nyingi kuliko chanzo kingine chochote nchini. Hautegemei mvua wala jua. Wa pili ni maji ya mabwawa, hasa yale ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Wa tatu ni upepo. Kisha kuna jua. Kuna pia mitambo ya mafuta, kama ile ya Kipevu, Mombasa. Na tangu mwisho wa mwaka 2022 tunanunua pia stima nyingi kutoka Ethiopia.

NGONG INAVUTA KIASI GANI?

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Mwaka 2025, saa za jioni ambapo watu wengi wanatumia stima, mahitaji ya Kenya yalipita megawati 2,300. Vinu vyote vya Ngong vikifanya kazi kwa nguvu zote hutoa megawati 25.5. Hiyo ni kama kikombe kimoja kutoka pipa la vikombe 90. Ngong ni maksai mdogo.

Je, maksai mdogo hana faida? Tuendelee na hesabu.

Hakuna kinu cha upepo kinachofanya kazi kwa nguvu zote mwaka mzima. Tuseme kwa wastani vinatoa robo tu ya nguvu zao. Kilowati 25,500 kwa saa 24, kwa siku 365, ni uniti 223,380,000. Robo yake ni karibu uniti 56,000,000 kwa mwaka. Uniti hizi ni zile zile unazonunua kwa tokeni.

Nyumba ndogo ya kijijini yenye taa chache, redio, televisheni na simu za kuchaji inaweza kutumia uniti 30 kwa mwezi, yaani 360 kwa mwaka. Gawanya 56,000,000 kwa 360. Utapata nyumba zaidi ya 150,000. Punguza sehemu inayopotea njiani kwenye nyaya. Hata hivyo, nyumba zinazobaki ni nyingi sana.

Tazama pia kwa upande wa mafuta. Mtambo wa mafuta hutoa kama uniti 4 kwa kila lita moja. Kama stima yote ya Ngong ingetoka katika mafuta, tungechoma karibu lita milioni 14 kila mwaka. Hayo ni malori 400 ya kubeba lita 35,000 kila moja. Mafuta hayo hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Na katika bili ya stima kuna tozo ya mafuta. Mitambo ya mafuta ikifanya kazi sana, tozo hiyo hupanda, na wewe uliye kijijini unapata uniti chache kwa shilingi zile zile.

Si kila uniti ya Ngong inazuia mafuta. Saa nyingine inazuia maji kufunguliwa bwawani. Hiyo pia ni faida, kama tutakavyoona.

UPEPO UKITULIA, INAKUWAJE?

Upepo haupokei amri. Unaweza kuvuma saa nane za usiku watu wamelala, na ukatulia saa mbili za jioni kila mtu anapopika na kuwasha taa. Usiku wa manane mahitaji ya stima nchini hushuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni. Hapo upepo ukiwa mwingi, saa nyingine vinu huamriwa vipunguze, na hata mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani. Nguvu ipo, lakini hakuna wa kuitumia.

Kwa hiyo upepo unahitaji mwenzake wa kumshikia mkono. Mwenzake mzuri ni maji. Milango ya maji kwenye bwawa inaweza kufunguliwa au kufungwa, na kwa dakika chache stima ikaongezeka au ikapungua. Upepo ukivuma, wenye kushika plau hufunga maji kidogo. Maji hayo hubaki bwawani. Upepo ukitulia, maji hufunguliwa.

Tazama ajabu hii, ndugu msomaji. Tulisema stima haiwekwi ghalani. Ni kweli. Lakini maji yanawekwa. Kila saa upepo unapovuma Ngong, maji kidogo yanaweza kubaki Masinga kwa ajili ya kesho. Bwawa ndilo ghala la upepo.

Wazee watakumbuka ukame wa miaka ya 1999 na 2000. Mabwawa ya Tana yalipungua sana. Stima ikagawanywa kwa zamu: leo mtaa huu una stima, kesho mtaa ule. Viwanda vilisimama na vibarua wakarudishwa nyumbani. Wakati huo nchi ilitegemea maji kupita kiasi. Maksai mmoja alikuwa akivuta karibu peke yake, na alipougua, plau ilisimama. Leo tuna mvuke, upepo na jua pamoja na maji. Ukame bado unaumiza, lakini hauangushi shamba lote.

MASHAMBA MADOGO NA MAKUBWA

Mbali sana na Ngong, karibu na Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, kuna vinu vingine 365. Hilo ndilo shamba la upepo la Ziwa Turkana. Vinu vyake ni vya nguvu ile ile ya vinu vya Ngong, kilowati 850 kila kimoja. Vyote pamoja vina nguvu ya megawati 310. Shamba la Turkana ni kama mashamba 12 ya Ngong yaliyowekwa pamoja. Upepo wa kule ni mkali kuliko wa Ngong.

Je, si afadhali tuwe na mashamba makubwa kama hayo tu? Sikiliza habari yake.

Vinu vya Turkana vilimalizika kusimamishwa mwaka 2017. Lakini havikutoa hata uniti moja kwa ajili ya nchi mwaka huo. Laini kubwa ya kusafirisha stima hadi Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijamalizika. Vinu vilisimama katika upepo mkali bila kazi, na gharama ikaendelea kuhesabiwa. Stima ya kwanza iliingia katika gridi Septemba 2018.

Ngong haikuwa na taabu ya namna hiyo. Iko karibu na Nairobi, mahali penye watumiaji wengi kuliko kwingine kote nchini. Stima yake haisafiri mbali. Kumbuka kwamba kila kilomita ya waya hula stima kidogo, kama gunia lenye tundu linavyomwaga mahindi njiani. Anayeleta gunia kutoka karibu humwaga kidogo.

Basi kinu peke yake si stima. Kinu na laini ndio stima. Ukisikia mradi mpya unatajwa katika baraza, usiulize megawati tu. Uliza pia: laini iko wapi, nani anaijenga, na itamalizika lini?

USIKU WA TAREHE 25 AGOSTI 2023

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilizimika karibu nchi nzima. Sehemu nyingine zilikaa gizani karibu siku nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uliingia gizani kwa muda. Kijijini wenye kuuza maziwa waliyaona yakiharibika. Mashine za posho zilinyamaza.

Nini kilitokea? Saa ile, shamba la Turkana lilikuwa likitoa megawati 270. Hiyo ilikuwa kama sehemu moja katika kila sehemu saba za stima ya nchi wakati huo. Ghafula zote zikatoka. Kampuni ya Kenya Power ilisema kwamba kupotea kwa stima hiyo ndiko kulikovuruga gridi. Wenye vinu walisema kwamba gridi ndiyo iliyoanza kuvurugika, nguvu ya nyaya ikapanda kupita kiasi, na vinu vikajizima ili visiungue.

Hata tukiacha ubishi huo, somo liko wazi. Rudi kwenye plau yetu. Maksai mkubwa akianguka ghafula, wenzake huvutwa na uzito. Wasipokuwa na nguvu ya akiba, mwendo huanguka na mmoja baada ya mwingine hujitoa ili asiumie. Hivyo ndivyo kuzimika kwa nchi nzima kunavyotokea. Haichukui saa. Inachukua sekunde chache.

Sasa linganisha. Vinu vyote 30 vya Ngong vingesimama kwa mara moja usiku wa namna hiyo, nchi ingepoteza kama sehemu moja katika kila sehemu 75. Maksai wengine wangeongeza nguvu kidogo, na wewe nyumbani usingejua kwamba kuna jambo limetokea.

Hii haina maana kwamba shamba kubwa ni baya. Upepo wa Turkana umetupatia stima nyingi tusiyonunulia mafuta. Maana yake ni kwamba chombo kikubwa kinahitaji maandalizi makubwa. Kinahitaji laini zaidi ya moja, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Kinahitaji mitambo mingine iwe na akiba, tayari kushika mzigo. Kinahitaji majirani. Mwishoni mwa mwaka 2024 gridi yetu iliunganishwa na ya Tanzania kwa laini kubwa, na tangu zamani tumeunganishwa na Uganda. Nchi zikishikana mikono, mmoja akiteleza wengine humshika. Nchi nyingine duniani zimeanza pia kuweka betri kubwa za kushika gridi kwa dakika zile za hatari.

Na mashamba madogo yakitawanywa sehemu mbalimbali, huleta faida nyingine. Upepo hautulii kila mahali saa moja. Ukinyamaza kilima hiki, pengine unavuma kilima kingine. Mwenye mbuzi wote katika boma moja akivamiwa na chui hupata hasara kubwa kuliko mwenye maboma matatu.

KWA NINI JIRANI WA KINU YUKO GIZANI?

Sasa tujibu swali linaloumiza zaidi. Mtu anasema, "Kinu kiko juu ya boma langu. Nasikia sauti yake usiku. Lakini mtoto wangu anasoma kwa koroboi. Stima inapita juu ya kichwa changu kwenda kwa wengine."

Sababu ya kwanza ni nguvu ya stima yenyewe. Stima inayotoka kwenye vinu ina nguvu ya maelfu ya volti. Stima ya nyumbani ni volti 240. Huwezi kufunga taa kwenye laini kubwa, kama vile huwezi kumnywesha mtoto kwa bomba la zimamoto. Lazima kuwe na transfoma ya kushusha nguvu, nguzo ndogo, waya na mita. Usikubali mtu akudanganye kwamba anaweza kukuunganishia kutoka laini kubwa. Watu wengi wamekufa kwa kugusa nyaya.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa kazi. KenGen inatengeneza stima, lakini haiuzi nyumba kwa nyumba. Inaiuzia Kenya Power, na Kenya Power ndiyo inayokufikishia wewe. Vijijini kuna shirika la serikali la kueneza stima, REREC. Kwa hiyo ukitaka stima, usiende kwenye mlango wa vinu. Kusanyikeni majirani, mwandike maombi kwa pamoja, mpitishe kwa chifu na kwa mjumbe wenu, na mpeleke kwa ofisi inayohusika. Transfoma moja ikiwekwa inaweza kuhudumia maboma mengi, na maombi ya watu wengi husikika kuliko ya mtu mmoja.

Sababu ya tatu inahusu siku za giza. Vinu vya namna ya Ngong hufuata mwendo wa gridi. Gridi ikizimika, havina mwendo wa kufuata, navyo hujizima. Kufanya hivyo ni usalama pia, kwa sababu fundi aliye juu ya nguzo akitengeneza laini anaamini kwamba waya haina stima. Kwa kawaida mitambo ya maji ndiyo hutangulia kuwashwa, kisha mingine huunganishwa mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiona upepo unavuma na stima hakuna, usifikiri kuna mtu amekuficha. Maksai mdogo hawezi kuianza plau peke yake. Anangoja wenzake wafungwe nira.

KABLA YA KUKUBALI MRADI

Vilima vyenye upepo viko katika kaunti nyingi. Pengine siku moja wageni watakuja kwenu na vyombo vya kupima upepo. Basi kumbukeni Kinangop, Kaunti ya Nyandarua. Kulikuwa na mpango wa shamba la upepo la megawati 60.8. Ulizuka ugomvi mkubwa juu ya ardhi na fidia, na mwaka 2016 mradi ukaachwa. Fedha zilipotea, majirani waligombana, na hakuna stima iliyopatikana.

Kumbukeni pia Turkana. Mwezi Oktoba 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi, ekari 150,000, hazikutolewa kwa kufuata sheria. Wananchi wa huko walikuwa wamedai kwamba ardhi yao ya malisho ilichukuliwa bila wao kushauriwa ipasavyo.

Kwa hiyo ulizeni mapema, katika baraza, na majibu yaandikwe. Ardhi itakodishwa au itanunuliwa? Kwa miaka mingapi, na kwa kiasi gani? Mifugo itaruhusiwa kulisha chini ya vinu kama Ngong? Minara itakuwa umbali gani kutoka nyumba? Vijana wetu watafundishwa ufundi, au watapewa kazi ya kuchimba mashimo tu? Kijiji kitapata transfoma? Vinu vikizeeka, nani atavibomoa?

Mradi wenye majibu mazuri hauogopi maswali haya. Na mwananchi anayejua kazi ya kinu katika gridi hauzi ardhi yake kwa ndoto, wala hafukuzi maendeleo kwa uvumi.

TUMEJIFUNZA NINI?

Tumejifunza kwamba shamba dogo la upepo haliwezi kuiwasha nchi. Hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kutoa stima karibu na watumiaji, kupunguza mafuta tunayochoma, kuacha maji yabaki bwawani, na kufanya hivyo bila kuitikisa gridi linapotulia. Linahitaji wenzake, na wenzake wananufaika nalo.

Umoja ni nguvu, wahenga walisema. Katika gridi ya taifa msemo huu ni hesabu unayoweza kuifanya kwa kalamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Upepo ukiongezeka mwendo mara mbili, nguvu yake huongezeka mara ngapi?
2. Kwa nini tunasema bwawa ni ghala la upepo?
3. Nyumba yenu hutumia uniti ngapi kwa mwezi? Kinu kimoja cha kilowati 850, kikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa moja, hutoa uniti 850. Hizo zingewatosha kwa miezi mingapi?
4. Shamba la Turkana lilikaa bila kazi baada ya vinu kumalizika. Kulikosekana nini?
5. Kampuni ya upepo ikija kijijini kwenu, ninyi mngeuliza maswali gani ambayo hayako katika makala hii?